Kompyuta Namba Nne

Uso uliokuwa juu ya bango lile ulikuwa wake mwenyewe!

Hapo ndipo ulipomwacha Waithera wiki jana, msomaji: kando ya barabara pale Komarock, Nairobi, Jumatatu asubuhi, shingo juu, mkoba umemteleza begani hadi kwenye kiwiko. Bado amesimama. Mwenye mkokoteni amempigia kelele mara mbili asogee, hajasikia. Wewe ungesogea? Ukute sura yako, kubwa kuliko mlango, inakuchekea kutoka jumba la ng'ambo, ungeitoa wapi miguu ya kutembelea?

Chini ya uso ule palikuwa na maandishi mekundu: MWALIMU WAITHERA ANAWAKARIBISHA. TUMEHAMIA HAPA. KOMPYUTA KWA WIKI SITA TU.

"Nimehamia lini?" Waithera alijiuliza kwa sauti.

Kwa miaka tisa yeye na Sally waliendesha Chuo cha Kompyuta cha Tumaini, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi la Mumin. Waithera alifundisha. Sally alitafuta wanafunzi, akakaa mlangoni kuwaandikisha. Jumamosi iliyopita Sally alikuja na mkokoteni, akazigawa mashine kumi na mbili katikati, akachukua sita zake, akateremka bila kusema aendako.

Sasa Waithera alijua alikokwenda. Hatua arobaini. Ng'ambo ya barabara.

Alivuka bila kutazama kushoto wala kulia.

Ndani palinuka rangi mbichi. Viti vilipangwa vile vile alivyozoea kuvipanga yeye, na juu ya viti hivyo walikaa wanafunzi wake. Wote.

"Mwalimu! Niaje?" Ndindi, msichana aliyekuwa hodari kuliko wenzake, aliinua mkono kwa furaha. "Tulidhani umechelewa."

"Nani aliwaambia mje hapa?"

"Si wewe? Ulitutumia meseji usiku wa jana." Ndindi alimwonyesha simu. Ujumbe ulitiwa sahihi: Mwalimu W.

"Sikuandika hii."

Ndindi aliirudisha simu mezani.

Mlango wa nyuma ukafunguka, Sally akatoka na kikombe cha chai mkononi. Hakushtuka hata kidogo. Alikuwa akimngojea.

"Toa uso wangu ukutani," Waithera alisema.

"Kaa kwanza."

"Sikai."

"Basi nisikilize umesimama. Miaka tisa mimi ndiye nagonga milango. Makanisani, mashuleni, kwenye vyama vya akina mama. Mvua ni yangu, jua ni langu. Na kila nikifika wananiuliza swali moja: ni pale kwa yule mwalimu mpole? Jina la chuo hawalijui. Jina langu hawalijui. Wanajua uso wako. Nimetangaza kile watu wanachokitaka."

"Si chako."

"Picha niliipiga mimi, kwa simu yangu."

"Na sura niliachiwa na mama yangu!"

Sally aligeuza macho akatazama dirishani. Neno mama lilikuwa likimfanyia hivyo siku zote, maana aliyemzaa hakumjua. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Kila mwaka nilikuambia tukue, Waithera. Tuchukue chumba cha pili. Tutangaze. Ukasema tunatosha. Kila Januari tunakaa na viti vitupu kwa sababu wewe unaona haya kujisifu. Wewe ukianguka una kwenu Murang'a, una dada zako, una shamba la chai la marehemu baba yako. Mimi hata kabila langu silijui. Nikianguka, ninaangukia wapi?"

"Ungeniambia unaondoka."

"Nilikuambia miaka mitatu. Hukunisikia, ulikuwa ukisahihisha mitihani."

Sally akasogea karibu.

"Njoo uwe mkuu wa chuo. Wewe fundisha, mimi nitafute watu. Itakuwa kama zamani, ila jumba ni langu. Bango lile si la kukuibia. Ni kiti chako nimekuwekea."

Mkono wa Sally ulikuwa umenyooshwa. Siku yoyote nyingine, kwa jambo lolote jingine, Waithera angeushika.

"Siwezi kufanya kazi kwa mtu anayeandika meseji kwa jina langu," alisema, akageuka kwenda zake.

Wanafunzi walimtazama akitoka. Ndindi aliinuka nusu, akasita, akaketi.

Hakuna aliyemfuata.

* * *

Juu kwa Mumin, mashine sita zilizobaki zilikaa upande mmoja wa chumba. Upande wa pili sakafu ilionyesha miraba ya vumbi mahali meza zilipokuwa. Waithera alifagia miraba ile. Kisha akaziwasha mashine zote sita. Hapakuwa na wa kuzitumia, lakini zikiwaka hunguruma, na alitaka chumba kiwe na sauti.

Siku nzima simu yake haikulia.

Unajua upweke wenyewe ulikuwa wapi? Katika jambo hili: Waithera alipopatwa na neno lolote, jema au baya, mtu wa kumwambia alikuwa Sally. Sasa neno lenyewe lilikuwa Sally. Angemwambia nani?

Alasiri alichapisha karatasi hamsini, akateremka kuzigawa. Kazi hiyo hakuwahi kuifanya. Alisimama mbele ya kinyozi, akanyoosha karatasi ya kwanza kwa mama mmoja aliyebeba mboga.

"Tuko hapa juu, mama. Mafunzo ya kompyuta."

Mama yule alitazama karatasi, akamtazama yeye, akatazama ng'ambo. "Si wewe ndiye uko pale bangoni? Nimeshakuona. Nitamleta msichana wangu kule kesho."

"Siko kule. Niko huku."

"Kule mmeandika mmehamia."

Wa pili alisema vivyo hivyo. Wa tatu akamcheka: "Mwalimu, umesahau ofisi yako?" Kila aliyemwita alimpeleka kwa Sally. Uso wake mwenyewe ulikuwa ukimfukuzia wateja!

Saa kumi na moja alipanda ngazi na karatasi arobaini na tatu. Akazima mashine moja moja, akiacha ya mwisho iwake kidogo.

* * *

Jumanne saa nne asubuhi alisikia hatua kwenye ngazi. Nzito. Za mtu anayepumzika kila baada ya vidato vitatu. Waithera aliruka kitini, akajipangusa uso, akafungua daftari la majina.

Aliyeingia alikuwa mzee mrefu wa karibu miaka sabini, koti la kijivu, kofia mkononi. Hakusalimu.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Nani, mzee?"

"Mwanamume aliyekuwa akikutana na mke wangu hapa."

Waithera alitupia jicho ngazi, nyuma ya mzee. Alikuwa peke yake ghorofani, na mzee alikuwa amesimama mlangoni.

"Hapa hapana mwanamume, baba."

"Usimfiche! Jirani zangu walimwona akipanda ngazi hizi kila Jumamosi, saa nane. Mimi ananiambia anakwenda mazoezi ya kwaya." Alichomoa kadi ndogo iliyokunjika, akaipiga mezani. "Jana nimeikuta kwenye mkoba wake. Soma."

Waithera alisoma. Clare. Jumamosi saa nane. Namba 4.

"Namba nne ni chumba gani?" mzee aliuliza. "Nionyeshe tu. Nikione, niondoke."

"Si chumba," Waithera alisema polepole. "Namba nne ni kompyuta."

Mzee hakuelewa. Ndipo kwa mara ya kwanza akatazama chumba: meza, skrini, kibodi, na ubaoni maneno ya somo la wiki iliyopita, jinsi ya kuhifadhi faili. Alitazama kimoja baada ya kingine. Akashika ukingo wa meza. Waithera alimwahi na kiti.

"Clare ni Mama Austine," alisema. "Wa mapazia, soko la Gikomba. Alikuwa mwanafunzi wangu. Alikuwa akiandika kwa kidole kimoja, na nikikaribia anafunika skrini kwa kitambaa chake cha kichwa. Nilijiuliza amepotelea wapi. Yu hali gani?"

"Tulimzika kabla ya Pasaka."

Basi mzee akasimulia. Jina lake Zedekiah. Miaka thelathini na mmoja alitengeneza mabehewa Shirika la Reli. Mwanawe Austine yuko Mombasa na familia yake, hupiga simu Jumapili. Nyumba yake pale Komarock ina vyumba vitatu, na siku hizi analala sebuleni kwa sababu vyumba vimekuwa vikubwa. Majirani walipomletea yale maneno ya Jumamosi hakumuuliza mkewe chochote. Alinuna tu.

"Wiki sita, mwalimu. Sikumwongelesha wiki sita. Ananiandalia chakula, nakula, natoka. Ananiuliza nimemkosea nini, nageukia ukuta. Kisha presha ikampanda akiwa kibandani kwake Gikomba, wakanipigia simu, nikafika amekwisha kata kauli." Alifuta uso kwa kofia. "Amekufa nikiwa nimemnunia. Na kumbe alikuwa shule."

Waithera alimshika mkono. Ulikuwa mkono wa kwanza kuushika tangu Jumamosi.

"Alikuwa akiandika nini?" Zedekiah aliuliza mwishowe.

"Sijui. Lakini alichoandika kipo. Kimo ndani ya namba nne."

Mzee aliinua kichwa. "Ni ipi kati ya hizi?"

Na hapo ndipo Waithera alipokumbuka. Namba nne haikuwa kati ya hizi.

* * *

"Mashine zangu zote zinafutwa kesho," Sally alisema. "Fundi anakuja asubuhi kuweka programu mpya. Unataka nini?"

"Namba nne. Nikupe yangu yoyote badala yake."

Sally alikunja mikono. Biashara ilimrudi machoni. Waithera aliyajua macho yale. "Sitaki mashine yako. Nataka picha ibaki. Hadi mwisho wa mwaka, bila kesi, bila kelele. Hutaenda kwa wakili, hutawaambia watu barabarani kwamba hupo hapa."

Mwisho wa mwaka! Ilikuwa ni Juni. Miezi sita ya uso wake kumfanyia kazi mtu mwingine. Mwanafunzi gani angepanda tena ngazi za Mumin? Chuo kingekufa kabla ya Septemba, na Waithera alilijua hilo vizuri.

Aligeuka akatazama nje. Ng'ambo, chini ya ngazi, mzee Zedekiah alikuwa amesimama ameshika kofia kwa mikono yote miwili.

"Chukua," alisema.

"Nini?"

"Uso. Nipe namba nne."

Sally alimkodolea macho. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, si kwa hili. "Kwani ndani yake kuna nini?"

"Maandishi ya mama mmoja aliyefariki. Mama Austine."

"Yule wa mapazia? Aliyekuwa akiniletea ndizi mbivu?" Sally aliketi. "Amekufa? Hakuna aliyeniambia. Alikuwa akija mapema, anakaa pale mlangoni kwangu anazungumza, hadi namfukuza: mama, nenda darasani, wenzako wameanza." Alitazama mikono yake. "Alikuwa akiniuliza kama nimekula."

Alitaka kusaidia kuibeba mashine. Waithera alikataa. Aliikumbatia kifuani, nyaya zikining'inia, akavuka barabara peke yake huku bango likimchekea mgongoni.

* * *

"Nikufungulie sasa hivi?" alimuuliza mzee mashine ilipokwisha kuwaka. "Ni dakika moja."

"Hapana."

"Hapana?"

"Nilimdhulumu kwa maneno ya midomo ya watu," Zedekiah alisema. "Sitaki kumsikia tena kwa mdomo wa mtu. Nifundishe. Nitamfungua mwenyewe."

Wakaanza. Vidole vilivyozoea spana na nyundo vilikikamata kipanya kwa nguvu kana kwamba kingetoroka. Mshale ulirukia pembe ya skrini, ukapotea. Mzee alitukana kwa Kijaluo, akaomba radhi kwa Kiswahili, akajaribu tena. Kufikia Jumanne jioni aliweza kuusimamisha mshale mahali alipotaka. Jumatano aliandika jina lake, akakaa akilitazama kwa muda mrefu.

Waithera alikuwa amemketisha dirishani penye mwanga. Hakuwa na nia nyingine. Lakini dirisha lile liliangalia kituo cha magari, na watu wakingoja magari huinua macho. Alhamisi asubuhi Mumin alipanda kutoka dukani.

"Mwalimu, mama wawili wamekuja kuniuliza chini. Wanataka kujua yule mzee anaandika nini pale juu, na kama wamama nao wanakubaliwa."

Zedekiah alisikia. Alivaa kofia. "Mwalimu, funga. Saa saba tunakwenda soko la nyama la Burma."

"Kufanya nini?"

"Kila Alhamisi wazee wenzangu wanakula nyama pale. Kuja na zile karatasi zako."

Burma ilikuwa moshi na kelele za visu kwenye magogo. Wazee sita walizunguka meza moja, mbao za nyama mbele yao. Zedekiah hakuketi.

"Naweza kuandika jina langu kwa kompyuta," alitangaza.

Walicheka hadi mmoja akapaliwa. "Zedekiah ameanza shule ya nasari!" alisema Nalianya, aliyestaafu ukarani wa baraza la jiji, mwenye sauti kuliko wote. Kisha akamgeukia Waithera. "Wewe binti, sisi na miaka hii utatufundisha nini?"

Nyuso saba zilimgeukia. Hapa ndipo Sally angeanza kusema, na maneno yangemtoka kama aliyezaliwa nayo. Waithera alizikunja karatasi zake. Alitamani sakafu ifunguke. Sakafu haikufunguka.

"Mzee," alimwambia Nalianya, "neno lako la siri la pensheni unalijua?"

"Mimi? Hapana. Lipo."

"Lipo wapi?"

"Kwa kijana wa saiba, pale kwenye kompyuta za kukodi."

"Na wewe?" alimuuliza wa pili.

Wa pili alikuna kichwa. "Kwa huyo huyo kijana."

"Na namba yako ya kitambulisho? Na cheti cha shamba ulichokipiga picha?"

Hakuna aliyecheka sasa. Nalianya aliweka mfupa chini.

"Sitawafundisha muwe vijana," Waithera alisema. "Nitawafundisha kushika funguo zenu wenyewe. Polepole. Hakuna mtoto atakayewacheka, kwa sababu hakuna watoto. Darasa langu ni tupu."

Nyama ikapoa.

"Jumatatu saa ngapi?" Nalianya aliuliza.

Watano walijiandikisha pale pale, kalamu ikipokezanwa juu ya mbao za nyama. Wa sita akasema ataleta mkewe kwanza, akiona hajafa atakuja yeye.

Waithera alitoka nje. Alikuwa ametangaza! Yeye! Alichomoa simu, kidole kikapata jina chenyewe: Sally. Kilisimama juu ya jina lile. Watu walimpita wakiwa wawili wawili, watatu watatu, wakiitana, wakibeba vifurushi vya nyama vya kupeleka nyumbani.

Akairudisha simu mkobani.

* * *

Ijumaa, saa tisa alasiri.

"Niko tayari," Zedekiah alisema. Alikuwa amekuja amenyoa, amevaa tai.

Mshale ulitembea. Folda la Jumamosi. Ndani yake, folda la Clare. Ndani yake faili moja tu, na jina la faili lilikuwa Zedekiah.

Mzee alivuta pumzi, akabofya mara mbili.

Waithera alitoka, akasimama kwenye ngazi. Yale yalikuwa ya wawili. Chini, Mumin alikuwa akichanganya rangi. Dakika zikapita. Alimsikia mzee akicheka kidogo, pumzi tu, kama mtu aliyetaniwa. Kisha kiti kilisukumwa.

"Mwalimu." Sauti haikuwa ya kawaida. "Njoo usome hapa. Labda macho yangu yamenidanganya."

Waithera aliinama juu ya bega lake, akasoma.

Zedekiah, naandika kwa kidole kimoja, usinicheke. Kuna neno ambalo siwezi kukuambia tukitazamana. Kabla hujaniona nilizaa mtoto wa kike. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba alikataa nimlete nyumbani, nikampa mama mmoja wa kanisa aliyekuwa anahamia Nairobi. Nimemtafuta miaka yote niliyokaa nawe. Mwaka jana mama yule alikuwa mgonjwa sana akatuma mtu aniambie jina na mahali anafanya kazi. Nimempata. Ndio sababu nasoma kompyuta, usidhani nimekuwa na akili uzeeni. Yuko hapa hapa. Anakaa mlangoni anaandika majina ya wanafunzi. Ana vidole vya marehemu dada yangu. Sijamwambia kitu, namwangalia tu. Nataka wewe ujue kwanza, ndipo nije naye nyumbani mkono kwa mkono. Lakini siku hizi huniongeleshi na sijui nimekosa nini. Ukiacha kununa nitaku

Maandishi yaliishia hapo.

Waithera alirudia kusoma mstari mmoja: anakaa mlangoni. Ndizi mbivu. Umekula? Mama, nenda darasani, wenzako wameanza!

Zedekiah alikuwa amefunika uso. Mabega yalimtikisika bila sauti. Waithera alimngojea. Hakumwambia anyamaze, hakumwambia ni kazi ya Mungu. Alikaa karibu naye tu, hadi mzee alipojifuta kwa ncha ya tai.

"Anayekaa mlangoni," alisema. "Siku nilipokuja hapakuwa na mtu mlangoni. Alikwenda wapi?"

Waithera alitazama dirishani. Ng'ambo, wanafunzi walikuwa wakiingia darasa la jioni, chini ya uso wake. Kwa miaka tisa alikuwa amekula chakula cha mchana na mtu aliyekuwa akitazama nyuso za wanawake wazee njiani, kila siku, akizijaribu mmoja mmoja kutafuta mama yake. Na uso wenyewe ulikuwa umekuja, ukaketi mbele yake kila Jumamosi, akaufukuza uende darasani.

Angeweza kunyamaza. Sally alimchukulia wanafunzi, mashine, jina, sura. Kwa nini ampelekee kitu? Na zawadi gani hii, kumpa mtu mama na kaburi kwa siku moja?

"Mwalimu," mzee alisema. "Unamjua?"

"Namjua."

"Ni mtu mwema?"

Waithera alitazama bango tena.

"Ni mtu aliye peke yake," alijibu. "Chukua kofia yako, mzee."

Walishuka ngazi wakipumzika kila baada ya vidato vitatu. Mumin aliwauliza wanakwenda wapi, hawakumjibu. Barabarani Waithera alimshika mzee kiwiko, wakangoja lori lipite, wakavuka.

Sally alikuwa mlangoni, mezani pake, akiandikisha foleni ya mwisho ya siku. Aliposikia hatua hakuinua kichwa. Alifungua ukurasa mpya, akaulainisha kwa kiganja, akashika kalamu kwa vidole vyake virefu.

Zedekiah aliviona vidole vile. Akavua kofia.

"Karibu, mzee," Sally alisema, bado akiandika tarehe. "Nikuandike nani?"